Vina vya "Ngoma", Kutoka Kilosa Hadi Kigoma

Chukua ramani ya Reli ya Kati, weka kidole Kilosa, kisha kisogeze kuelekea magharibi. Ukihesabu miji mikubwa tu, utapita Dodoma, utafika Tabora, utaishia Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Sasa yataje majina hayo manne kwa sauti, polepole, ukisikiliza pale sauti inapopanda: KiLOsa, DoDOma, TaBOra, KiGOma. Kila mara mkazo unaangukia kwenye o, na kila mara neno linafungwa kwa a. Wajerumani walioijenga reli hiyo kati ya mwaka 1905 na 1914 hawakuwa na haja yoyote na ushairi wa Kiswahili, lakini walimwachia kijana wa Kilosa anayeandika mistari zawadi ya bure. Akitafuta maneno ya kuoana na "ngoma", stesheni mbili zinampa kina kamili, na mbili zinampa kina cha karibu.

Nimechagua neno hilo kwa sababu ndilo linalowasumbua wengi. Anayetunga utenzi wa harusi atalihitaji, na anayerekodi wimbo wake wa kwanza studio atalihitaji zaidi, maana siku hizi hata wimbo wenyewe tunauita ngoma. Swali ni lile lile: nitapata wapi maneno yanayofanana nalo? Waingereza na Wamarekani wana kamusi nzima za vina, na siku hizi wana programu za kompyuta zinazomwaga orodha ukishaandika neno moja. Sisi tunasumbuliwa na jambo la kinyume. Kiswahili kina irabu tano tu. Karibu kila silabi yake inaishia na irabu. Vitenzi vyake vya asili ya Kibantu, katika umbo la kawaida, vyote vinaishia na a: cheza, imba, ruka, piga, lala, amka. Katika lugha ya namna hii vina vinajileta vyenyewe. Kina rahisi ni kama embe la msimu: lipo kila mahali, ndiyo maana halina bei. Kwa hiyo anayejifunza kutafuta vina anajifunza zaidi kuvikataa, na hawezi kuvikataa kama hajui kipi ni kizito na kipi ni chepesi.

Tuanze na wazee. Katika ushairi wa kimapokeo, kina ni silabi moja. Silabi ya mwisho ya kipande ikifanana na silabi ya mwisho ya kipande kilicho chini yake, konsonanti pamoja na irabu, deni limelipwa. Kwa sheria hiyo "ngoma" inaoana na "soma", na vilevile inaoana na "salama", "huruma", "hekima" na "nyama", kwa sababu zote zinaishia na -ma. Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, huko huko reli inakoishia, na baadaye Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliziweka kanuni hizo kwenye kitabu kilichochapishwa mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwake, maneno yasiyo na vina na mizani hayakustahili kuitwa shairi. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, halafu mwaka 1976 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Malenga wa Bara, na mabishano kuhusu mashairi huru, yasiyofungwa na kanuni hizo, yakawaka moto. Nayapita mabishano hayo, kwa sababu hata aliyeamua kuvitupa vina anapaswa kujua anatupa nini.

Kwa nini silabi moja iliwatosha wazee? Jibu langu ni kwamba mashairi yao yaliimbwa. Mwimbaji wa shairi huvuta sauti mwishoni mwa ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, akavuta tena mwishoni mwa utao, kipande cha pili, na sikio la msikilizaji hukaa pale pale inapovutwa. Silabi ya mwisho, ambayo katika mazungumzo ya kawaida ni dhaifu, katika wimbo inakuwa ndefu kuliko zote. Ukimsikiliza mtu akighani, "salamaaa" na "ngomaaa" vinaoana vizuri tu, kwa sababu -o- na -a- za katikati zimepita haraka na hakuna aliyezishika.

Hebu tuone ubeti. Huu nimeutunga kwa ajili ya makala hii, mizani 16 kila mshororo, vina viwili, kimoja kikilitumikia jina la Mikumi na kingine kikiitumikia ngoma:

Nimeshafika Mikumi, vijana wapiga ngoma,
Saa zimegonga kumi, jua lingali lachoma,
Basi langu halivumi, kandokando limegoma,
Miguu hainiumi, nacheza hata kwa homa.

Sheria ingeniruhusu kumaliza mshororo wa pili kwa "salama" na wa tatu kwa "lawama", na hakuna mzee ambaye angeninyang'anya kalamu. Nimejibana kwa makusudi. Vipande vyote vya kwanza vinaishia na -umi, vyote vya pili vinaishia na -oma, yaani silabi ya mwisho pamoja na irabu yenye mkazo iliyoitangulia. Kwa sikio la leo, hicho ndicho ninachokiita kina kamili.

Nimevipataje? Njia yangu ni ya kitoto, lakini haijanitupa bado. Chukua mkia wa neno, hapa -oma, upitishie konsonanti zote mbele yake kwa mpangilio wa alfabeti. Utapata boma. Utapata choma, na hapo hapo unanusa nyama inayokwenda na ngoma. Ukifika kwenye d, "doma" huliokoti, lakini Dodoma inakusubiri. Goma ni kitenzi cha wafanyakazi na cha magari mabovu, na pia ni mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Kivu. Homa. Koma. Noma, neno la mtaani ambalo siku moja ni balaa na siku nyingine ni sifa. Roma. Soma. Ukimaliza duru hiyo, anza kuongeza silabi mbele: ukoma, Kigoma, kitoma, diploma, trakoma, glukoma. Waumini hawatakosa Sodoma, ambayo kwa bahati mbaya ya kisauti inaoana na makao makuu ya nchi kwa silabi mbili nzima pamoja na irabu ya silabi ya kwanza. Nimewahi kutamani kuitumia, nikajizuia.

Angalia orodha hiyo inavyokaa. Imejaa magonjwa: homa, ukoma, trakoma, glukoma. Mtunzi aliyekaa kusifu ngoma ya harusi, akiuacha mkia wa neno umwongoze, atajikuta kwenye wodi kabla ubeti haujaisha. Huu ndio ukweli ambao wanaotoa orodha za vina huwa hawausemi. Kina kinaleta sauti, na sauti inakuja na maana yake mgongoni. Katika ubeti wangu homa imeingia kwa sababu niliona naweza kuifanyia kazi, yaani mtu anayecheza huku anaumwa. Ukoma nisingeujaribu.

Upande wa Mikumi ulikuwa mgumu zaidi, na ugumu huo una somo. Ukipitisha konsonanti mbele ya -umi, nomino zinazopatikana ni chache: kumi, uchumi, uvumi, na Mvumi ambayo ni jina la mahali. Mtu angekwama hapo. Lakini sarufi ya Kiswahili ina kiwanda cha vina, nacho ni ukanushi. Kitenzi cha Kibantu katika wakati uliopo kinapokanushwa, a ya mwisho inageuka i. Vuma inakuwa halivumi. Uma inakuwa hainiumi. Chuma inazaa hachumi, fuma inazaa hafumi, tuma inazaa hajitumi. Ghafla mtunzi aliyekuwa na maneno matatu ana ghala. Viwanda vingine vipo pia. Dhamira tegemezi inageuza a kuwa e, kwa hiyo soma, goma na koma zinakupa asome, agome na akome. Kutendwa kunaleta -wa. Vimilikishi vinaleta -angu, -ako na -ake kwa kila nomino uliyonayo duniani.

Hapo sasa ndipo hatari ilipo. Kina kilichotengenezwa na sarufi ni rahisi kuliko kilichomo kwenye mzizi wa neno, na msikilizaji analijua hilo hata kama hawezi kulieleza. Ukiandika "moyo wangu" ukaoanisha na "mpenzi wangu", hujaoanisha kitu, umerudia neno lile lile. Ukiandika "nimempenda" na "nimemwenda" umevunja na sarufi juu yake. Kanuni ninayoifuata ni kuchanganya: kikitoka kina kimoja kwenye mzizi wa nomino, kingine kitoke kwenye kitenzi kilichokanushwa. Kumi na halivumi zinapendeza kwa sababu hazitoki familia moja. Sikio halikutazamia zingekutana. Uvumi na halivumi, ambazo ni za mzizi mmoja, zingekutana kama ndugu wa tumbo moja, na harusi ya namna hiyo haina shangwe.

Jaribu kanuni hiyo kwenye kitenzi chenyewe cha kucheza. Mkia wake ni -eza. Ukifungua mlango huo utafurikwa: pendeza, ongeza, tengeneza, poteza, eleza, telekeza, sogeza. Mengi kati yake yamebeba kiambishi cha kusababisha, kwa hiyo ni bidhaa za kiwanda kimoja. Ukiziweka nne mfululizo, ubeti utasikika kama ripoti ya semina ya halmashauri. Tafuta badala yake maneno ambayo -eza iko ndani ya mzizi: meza, ya kulia chakula au ya kumeza dawa, weza, beza, teleza. "Anayebeza" na "anayecheza" ni ugomvi wa kweli wa uwanjani, na "teleza" inamhusu mchezaji yeyote aliyevaa viatu vipya kwenye sakafu ya sementi.

Sasa tuhamie kwa vijana, na hapa Mikumi inahusika moja kwa moja. Kati ya mwaka 2015 na 2020, Jimbo la Mikumi, lililo ndani ya Wilaya ya Kilosa, liliwakilishwa bungeni na mtunzi wa vina. Joseph Haule, ambaye nchi nzima inamjua kama Professor Jay, alianza na kundi la Hard Blasters, akatoa albamu yake ya Machozi, Jasho na Damu mwaka 2001, na humo mlikuwa na wimbo "Ndio Mzee", kejeli ya mwanasiasa anayemwaga ahadi huku umati ukimwitikia. Miaka 14 baadaye aliyeikejeli siasa akagombea kwa tiketi ya CHADEMA, akashinda. Sijui Bunge jingine lililowahi kupata mjumbe aliyejifunza kuzungumza na wananchi kwa njia hiyo.

Kizazi chake kilibadilisha kina cha Kiswahili, na mabadiliko hayo yalianza kabla yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh J aliweka maneno ya Kiswahili juu ya wimbo wa Vanilla Ice wa Marekani, na vijana wa Dar es Salaam wakaona kwamba inawezekana. Rap ilikuja na sheria yake ya kina. Katika Kiingereza, kina kinaanzia kwenye irabu yenye mkazo na kwenda hadi mwisho wa neno. Mkazo wa Kiingereza unarukaruka. Waweza kuwa kwenye silabi ya mwisho kabisa. Wa Kiswahili umetulia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache yenye ukaidi, kama barabara inayomaanisha sawasawa. Kwa hiyo sheria ile ilipohamia kwetu, kina kikawa cha silabi mbili siku zote. Na kwa kuwa rap iko karibu na usemaji kuliko uimbaji, silabi ya mwisho haivutwi tena. Mdundo unaipiga ile yenye mkazo. Sikio limehama kutoka -ma ya "ngoma" na kukaa kwenye -ngo-.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. "Huruma" na "ngoma", kwa malenga, ni vina halali kabisa. Kwa rapa ni mstari ulioteleza, kwa sababu u na o zimegongana mahali pa mkazo. "Kilosa" na "ngoma", kwa malenga, havioani hata chembe, maana -sa si -ma. Kwa rapa vinaoana vizuri, kwa sababu o na a zimekaa mahali pake na konsonanti inapita haraka. Maneno ni yale yale, wasikilizaji wanaweza kuwa wa nyumba moja, lakini babu ataona kosa pale mjukuu anapoona ufundi. Mimi siwapatanishi. Wote wawili wako sahihi kwa wimbo wanaouimba.

Hii hapa mistari minne ya upande wa mjukuu, nayo ni yangu:

Basi la Kilosa limejaa mikoba,
Konda anadai nauli, mimi nimebeba viroba,
Ndani spika moja, ngoma juu ya ngoma,
Nikishuka Mikumi shingo yote inachoma.

Mwisho wa mistari kuna jozi mbili tu, mikoba na viroba, ngoma na choma. Ila sikiliza yaliyomo ndani: Kilosa, konda, moja. Yote matatu yana o yenye mkazo ikifuatwa na a. Kilosa, mikoba na viroba yamekwenda mbali zaidi, yanaoana irabu tatu nzima, i-o-a. Halafu kuna daraja kati ya jozi ya kwanza na ya pili: -oba na -oma zinatofautiana kwa konsonanti moja tu, na hizo konsonanti, b na m, zote zinatamkwa kwa kufunga midomo. Ndiyo maana mistari minne inasikika kama kitu kimoja ingawa kwa sheria ya mwaka 1954 ni vipande viwili visivyojuana.

Ujanja wa vina vya karibu uko hapo kwenye midomo. Konsonanti zina ukoo. M, b, p na mb zinazaliwa midomoni, kwa hiyo "ngoma" ina ndugu wa karibu kama bomba, omba, mikoba na kopa. M, n, ny na ng' zinapitisha sauti puani, kwa hiyo ona, pona, shona na ponya ni binamu. Mbali kidogo na hapo wanakaa wale walioshika irabu tu: Kilosa, Tabora, bora, toka, soka, chota. Hawa ni jamaa wa kijiji kimoja, unawaalika ukiwa na uhaba. Wale wanaofanana irabu ya mwisho pekee, "ngoma" na "barua", "ngoma" na "kesha", usiwaite vina. Katika lugha ambayo maneno mengi kiasi hicho yanaishia na a, huko ni kukutana njiani tu.

Matamshi ya mahali nayo yana neno. Watu wengi wa bara hawatenganishi sana r na l wanapozungumza, na kwa mdomo wao "Tabora" na "dola" ni kina kamili. Wengine huisoma dh kama z, na "ladha" ikaoana na "waza". Mtunzi wa pwani atakunja uso. Ushauri wangu ni kwamba kina kama hicho kiruhusiwe pale tu ambapo mwandishi mwenyewe ndiye anayeimba. Ukimwandikia mtu mwingine atakayetamka kwa namna tofauti, kina kinakufa mdomoni mwake nawe haupo kukitetea.

Yako maneno mengine ya ngoma, na kila moja lina bahati yake. Sindimba ya Wamakonde ina mkia mnono kuliko yote ninayoijua: imba, simba, chimba, vimba, mimba. Kwa anayeandikia Mikumi, ambako hifadhi ya taifa imekuwapo tangu mwaka 1964 na barabara kuu ya kwenda Iringa inaikata katikati, simba si pambo la mstari. Ni jirani. Mdundiko wa Wazaramo nao unakupa mwaliko, mwiko, mwandiko na kijiko, maneno ya shughuli tupu. Singeli, yenye mwendo wa kasi unaomnyima mwimbaji nafasi ya kupumua, ina kweli, meli, hoteli na feli. Na kwa kuwa mistari inakimbia, waimbaji wake mara nyingi hutosheka na irabu.

Dansi ndiyo yenye roho mbaya. Mkia wake, -ansi, haumo katika maneno ya Kibantu, maana mfuatano wa n na s ni wa kigeni. Malenga atajiokoa kwa -si peke yake: nafasi, kiasi, farasi, upesi. Rapa anayetaka -ansi kamili atabaki na maneno ya mkopo, balansi, chansi, ambulansi, na wimbo wa mapenzi unaoishia kwenye ambulansi unahitaji mtunzi hodari sana. Hapa kina cha karibu ni bora kuliko kina kamili. Kasi, nafasi na wasiwasi zina a na i za dansi, zina na s yake, kilichokosekana ni n tu, na n hiyo mwimbaji mzuri anaimeza.

Muziki, kwa upande mwingine, ulizaliwa na kina chake. Muziki, riziki. Silabi mbili kamili, -ziki, na maana zinazovutana bila kulazimishwa. Ukihitaji zaidi kuna dhiki, rafiki, mantiki. Mkoa wa Morogoro, wenye Kilosa na Mikumi, una historia ya kuithibitisha jozi hiyo. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake waliujaza mji wa Morogoro dansi hadi alipofariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alipata jina akiwa na Morogoro Jazz, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafariki kwa ajali huko Kenya mwaka 1979. Wanamuziki wa dansi, hata hivyo, hawakuwa watumwa wa kina. Walikuwa na magitaa ya kuwaitikia na kiitikio cha kurudi nacho, na kurudia neno zima kulifanya kazi ambayo kwa malenga inafanywa na silabi. Anayesikiliza nyimbo za enzi hizo akitafuta vina tu atazionea. Rapa hana gitaa la kumjibu. Akiacha pengo mwisho wa mstari, linalomjibu ni kina au ni kimya.

Nirudi kwenye kukataa. "Ngoma" na "soma" ni jozi iliyochakaa. Wazazi na walimu wa nchi hii wameitumia kuwaonya watoto kiasi kwamba ukimaliza mstari kwa "ngoma", msikilizaji amekwisha kukuletea "soma" kabla hujafungua mdomo. "Choma" imeanza kufuata njia hiyo hiyo kwa sababu ya nyama. "Koma" bado ina nguvu ikitumiwa kama amri. "Goma" ina uhai kwa kuwa inaweza kuwa ya mfanyakazi, ya basi, ya moyo au ya mji wa Kivu. "Boma" imesahaulika, na ningependa kuiona ikirudi, hasa kwa anayeandika kuhusu Kilosa, mji uliokuwa kituo cha serikali tangu enzi za Wajerumani, na wilaya ambamo wakulima na wafugaji wote wanajua boma ni nini, kila upande kwa maana yake.

Kwa anayeandika leo, basi, fanya hivi. Pitisha konsonanti, andika orodha yote, hata ya magonjwa. Futa maneno mawili au matatu yaliyokuja kwanza, kwa maana yamekuja kwa kila mtu. Kati ya yaliyobaki chagua lenye asili tofauti na neno lako la kwanza, nomino kwa kitenzi, mzizi kwa ukanushi. Kisha msomee mistari yako mtu asiyeiona karatasi, unyamaze kabla ya neno la mwisho, umwache abahatishe. Akilipata, lifute utafute jingine.